Wimbo wa Kuwaaga Wageni

2 Februari

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika. Nimeisoma mimi kimya kimya, halafu mama yako akaisoma kwa sauti huku analia, kwa hiyo jirani zetu wote wameshajua kwamba unaolewa. Huyo fundi wa miwani naona ana bahati kuliko akili, lakini nitaamua nikishamwona.

Sasa tuje kwenye kazi. Nimeshaanza. Spika kubwa nimeipeleka kwa fundi, ilikuwa inakoroma kidogo kwenye besi. Gari la kuleta vyombo vya muziki nimeshaongea na jirani. Watu wa upande wetu nawajua wote, tatizo langu ni hao wakwe. Niandikie habari zao. Usinitajie nyimbo wanazozipenda, maana watu hudanganya sana kuhusu nyimbo. Mtu anakuambia anapenda muziki wa heshima, ukimpigia anasinzia. Wewe niambie umri wao, kazi zao, nani hasemi na nani. Baba mkwe amestaafu au bado anaamka alfajiri? Mama mkwe magoti yake ni mazima? Ndugu wa bwana harusi wanakunywa, wanasali, au vyote viwili? Nikishajua hayo, nyimbo zitakuja zenyewe.

Harusi zote nilizopiga muziki maishani mwangu zilikuwa mazoezi ya hii yako. Usicheke, ndivyo ninavyoona.

Mama yako anakusalimu. Nimemuuliza kama ana la kuongeza, akasema atakuandikia mwenyewe.

Ni mimi baba yako


14 Februari

Baba, shikamoo.

Barua hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Baba, naomba usilete vyombo. Hapa mjini kuna dada mmoja anayepiga muziki kwenye harusi, wanamwita Taratibu, na tumeshakubaliana naye. Wewe nataka uje kama baba. Uvae suti, ukae meza ya mbele na mama, ule chakula kikiwa bado cha moto, na ukae hapo hapo mpaka mwisho. Ni hilo tu ninaloliomba.

Usiniulize sababu. Sababu ipo, lakini si mimi wa kuisema. Sijachoka na muziki wako, wala simwonei mtu aibu. Najua utafikiria hivyo, tafadhali usifikirie hivyo.

Mama mkwe magoti yake ni mazima kabisa. Anakusalimu.

Binti yako akupendaye


25 Februari

Mwanangu,

Nimepata barua. Nimeelewa.

Harusi ni yako na mpiga muziki ni wako. Mimi ni mzee, na santuri za wazee huchosha vijana, si lazima mtu aniwekee maneno laini juu yake.

Ila nikuarifu tu kwamba tarehe hiyo hiyo ya harusi yako mwalimu mkuu wa hapa mtaani anamwoza binti yake, na alikuwa ameniomba nikampigie muziki. Nilimkatalia. Sasa sina hakika kama bado nimemkatalia. Mama yako atakuja kwa vyovyote, amekwisha shonesha gauni.

Spika imepona. Inalia vizuri sana.

Baba yako


27 Februari

Kwako Taratibu,

Hatujuani. Anwani yako nimeiomba kwa bwana harusi, ambaye bado ananiogopa, kwa hiyo amenipa bila kuuliza. Mimi ni baba wa bibi harusi. Nimepiga muziki kwenye harusi tangu enzi za santuri, ndiyo maana watu huniita Mzee Santuri. Kazi uliyopewa ilikuwa yangu. Sikuandikii kugombana. Nakuandikia kwa sababu binti yangu anaolewa mara moja tu, Mungu akipenda, na sitaki ukumbi upooze.

Kwanza, usitazame nyuso. Nyuso za harusini ni za kupigiwa picha. Tazama chini ya meza. Kuna mtu atakuwa amenuna na huku mguu wake unacheza peke yake. Huyo ni wako, mwongezee mdundo kidogo tu, atasimama. Na kuna mwingine atakuchekea jino nje huku miguu ameipanga kama viatu dukani. Huyo bado hajafika harusini.

Anza na shangazi za binti yangu. Vijana watataka waanze wao, usikubali. Wakianza vijana, wazee wataota mizizi vitini wakilalamika kwamba muziki wa siku hizi ni kelele. Wakianza shangazi, vijana watafuata hata kama ni kwa kucheka. Dada yangu mkubwa atakuambia anaumwa kiuno. Usimwamini hata kidogo. Mwekee rumba ya zamani, kiuno kitapona.

Mjomba wa binti yangu ataomba maiki. Usimpe. Akiipata kwa hila, mwekee wimbo chini chini, kisha uupandishe kidogo kidogo mpaka mwenyewe asijisikie.

Jirani yetu wa upande wa pili anapiga makofi nje ya mdundo, tena kwa nguvu. Mweke mbali na spika, atakuchanganya. Na wimbo ukishawakolea watu, usiuache mpaka uchujuke. Utoe wakiwa bado wanautaka, watakuamini kwa unaofuata.

Sijui kama nitakuja. Ndiyo maana nimeyaandika.

Mzee Santuri


9 Machi

Mzee wangu, shikamoo.

Nilipoona jina lako nyuma ya bahasha nilidhani nimeandikiwa matusi, nikaketi kabisa ili nitukanwe vizuri. Kumbe ni darasa. Nakushukuru.

Hilo la miguu sikulijua. Mimi huwa natazama mabega. Jumamosi nilikuwa na harusi, nikasema ngoja nimjaribu Mzee Santuri. Palikuwa na babu mmoja amekunja uso tangu watu waingie, lakini kidole gumba cha mguu kilikuwa hakitulii ndani ya kandambili. Nikamwongezea kidogo. Akavua koti, akamkabidhi mjukuu, na hatukumpata tena kitini.

La shangazi kwanza sikubaliani nawe, nisamehe. Huku, ukianza na shangazi, vijana wanatoka nje kupiga picha na hawarudi. Mimi natafuta wimbo wa zamani uliopigwa upya na vijana. Shangazi wanadhani ni wao, vijana wanadhani ni wao, wote wanasimama kuugombania. Jaribu siku moja.

Sasa mzee, nina swali. Umenieleza watu wote, hadi jirani wa makofi. Mama wa bibi harusi hujamtaja popote. Nimerudia barua yako nikidhani nimeruka ukurasa. Yeye ni wimbo gani unaomnyanyua?

Wako katika kazi,
Taratibu


18 Machi

Taratibu,

Swali lako limenikalisha. Nilishika kalamu nikujibu hapo hapo, kalamu ikagoma.

Sijui.

Kwenye harusi huwa namtafutia mke wangu kiti kizuri, natundika koti langu kwenye kiti cha pembeni yake ili mtu asikikalie, halafu naenda kazini. Nilitaka nikuandikie kwamba mtu hawezi kutazama wageni wote na bado amtazame mkewe. Nikaliandika, nikalisoma, nikaona ni jibu la hovyo.

Miguu yake sijawahi kuitazama. Nipe muda. Nitamjaribu nyumbani bila yeye kujua.

Mzee Santuri


30 Machi

Mwanangu,

Baba yako kapatwa na nini? Umemwandikia kitu?

Kila nikiingia jikoni ananifuata na redio yake. Anaweka wimbo, halafu anainama kutazama miguu yangu. Siku ya kwanza nilidhani nimekanyaga kitu. Ameniwekea rumba, ameniwekea kwaya, ameniwekea hata zile kelele za vijana ambazo yeye mwenyewe huzisonya. Nikimwambia apunguze sauti, anashusha pumzi kama mtu aliyefeli mtihani, anaondoka, kesho anarudi na nyingine.

Jana uvumilivu ukamwishia. Nilikuwa nakata vitunguu. Akazima redio, akavuta kigoda.

"Mke wangu, hivi wewe unapenda wimbo gani?"

"Wa nini?"

"Nijue tu."

"Leo ndiyo unataka kujua?"

"Ndiyo hivyo. Nijibu basi."

Nilitaka kumtania, mwanangu, lakini uso wake haukuwa wa utani. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia naupenda ule wa mwisho, ule wa gitaa tupu usio na maneno, anaowaagia wageni.

"Ule?" akaruka. "Ule si wa kupendwa! Ule ni wa kuwafukuza watu waende kwao!"

"Wengine unawafukuza," nikamwambia. "Mimi ndipo nakupata. Nyimbo zote za kabla ya huo nakaa na koti lako. Ukiuweka huo, najua sasa unakuja."

Akatoka nje, akaanza kuosha gari la jirani, ambalo hata halikuwa chafu. Machozi yangu nikavisingizia vitunguu, ingawa hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Unajua nilikukataza usimwambie kwa nini tunamtaka akae nami siku yako. Sikutaka akae kwa sababu mimi nimemwomba. Nilitaka kwa siku moja tu niwe harusini na mume, tena harusi ya mwanangu mwenyewe. Sasa nimeyasema mwenyewe bila kupanga. Kama atakuja au atakwenda kumpigia mwalimu mkuu, sijui. Sijamuuliza. Naogopa jibu.

Mama yako


2 Aprili

Taratibu,

Jibu nimelipata, na kwa kazi yetu ni jibu baya sana.

Mke wangu anapenda wimbo wangu wa kufungia. Upande wetu wote wanaujua, nimewazoesha mwenyewe miaka yote hii. Gitaa likianza tu, wanaokota mikoba, wanaita watoto, wanatafuta viatu walivyovivua chini ya meza. Mtu akiuweka katikati ya sherehe amemwaga ukumbi, na kama ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupokonya nyaya.

Pamoja na hayo, nakuomba uuweke. Usiungoje mwisho. Mwisho yeye ameungoja vya kutosha. Uweke sahani zikishaondolewa, watu wakiwa wamechangamka, jua bado liko juu. Santuri yake nimeifunga kwenye kifurushi pamoja na barua hii, uishike kwa uangalifu, ni hiyo hiyo moja.

Wageni wakiondoka, lawama ni zangu. Mwalimu mkuu nimemwambia atafute mtu mwingine. Amenuna. Acha anune.

Mzee Santuri


10 Aprili

Mzee wangu, shikamoo.

Nimeusikiliza. Ni mzuri, na unanitia hofu. Bibi harusi ameniomba jambo moja tu, kwamba wageni wasitoke kabla ya keki. Yeye nimemwahidi. Wewe siwezi kukuahidi. Nitaangalia watu siku hiyo, halafu nitaamua, kama ambavyo ungefanya wewe.

Ila nawe uniahidi. Ukikaa, umekaa. Nikichelewa, nikikosea, spika ikikoroma, usije kwenye mashine zangu. Nikikuona unakuja nitashindwa kufanya kazi, na mama atakuwa amekaa peke yake tena.

Taratibu


15 Aprili

Taratibu,

Nimeahidi. Usinijaribu sana.

Mzee Santuri


3 Mei

Baba na Mama, shikamooni.

Tumerudi salama kutoka fungate mimi na mume wangu, neno ambalo bado linanichekesha kulitamka. Baba, umemfurahisha sana ulipomwambia ana akili kuliko ulivyodhani. Anamweleza kila anayekuja kupima macho.

Naandika kuwasimulia jambo ambalo mlikuwepo lakini hamkuliona.

Baba, nakiri ulijitahidi. Nilikuwa nakuchungulia tangu ulipokaa. Taratibu akichelewa kidogo kubadilisha, unakunja kitambaa cha meza ngumini. Mjomba alipoipata maiki ulifumba macho. Kuna wakati ulinyanyuka nusu, mama akasema kitu, ukakaa. Lakini hukucheza, na mama hakucheza. Nikaanza kusononeka. Nikaona nimekulazimisha ukae kama mtu aliyefungiwa, na mama amepata mume mezani ambaye roho yake iko kwenye nyaya. Nilijuta, nawaambieni ukweli. Nilitamani ningekuacha ulete vyombo vyako.

Halafu gitaa likaanza.

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Keki iko pale haijaguswa! Shangazi mkubwa, aliyekuwa katikati ya ukumbi na kiuno chake kizima kabisa, akasimama ghafla akaenda kuchukua mkoba. Mama mdogo akaanza kuwavika watoto viatu. Mjomba akaanza kuaga meza moja moja. Upande wetu wote, Baba, walinyanyuka kama darasa lililosikia kengele. Wakwe wakabaki wameduwaa. Baba mkwe akaninong'oneza kama kuna moto mahali.

Nikainuka nimkimbilie Taratibu, nimwambie atoe wimbo huo haraka. Nikamwona hawatazami hata wanaoelekea mlangoni. Ameinamisha kichwa, anatazama chini ya meza yenu. Nami nikainama, na gauni lote lile, nikatazama.

Mguu wa mama ulikuwa unacheza.

Mlipoinuka kucheza, sidhani kama mliona kitu kingine tena. Hamkumwona shangazi akifika mlangoni na kugeuka. "Yule si kaka yangu?" akauliza, na alivyouliza kila mtu akageuka. Wakarudi mmoja mmoja, mikoba begani, watoto mikononi, wengine na kiatu kimoja tu mguuni. Hakuna aliyeketi. Walisimama wakawazunguka, na wakwe nao wakasogea bila kujua wanatazama nini. Keki tuliikata baadaye, na hakuna aliyekuwa ametoka.

Baba, hujui kucheza. Samahani, lazima mtu akuambie. Umewachezesha watu wa mji mzima, kumbe wewe mwenyewe unakwenda kama mtu anayepitisha meza kwenye mlango mwembamba. Mama alikuwa anakuelekeza kwa kiwiko huku anacheka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo mbele za watu. Nililia mpaka vipodozi vikaingia mdomoni.

Kisha wimbo ukaisha.

Taratibu hakuweka mwingine. Alikuwa nao tayari, ameniambia baadaye, ila mkono ulimgoma. Ukumbi ukawa kimya kabisa. Wewe hukuwahi kuuacha ukumbi ukae kimya. Hata siku umeme ulipokatika kwenye harusi ya mama mdogo, uliimba mwenyewe mpaka umeme ukarudi. Nikakuona umegeuza kichwa kuelekea mashine. Bega likafuata. Mama naye aliona, maana aliutoa mkono wake begani kwako, akasogea pembeni kidogo upate njia ya kupita.

Ukaushika ule mkono, ukaurudisha begani kwako, mkaendelea kucheza bila muziki.

Binti yenu